Ng'ombe Wanane kwa Motokari Nyeusi

Uvira, 9 Februari 1964

Kwa baba yangu mzazi Ezechiel, Rurambo.

Dada Abigaïl, msomee baba polepole, na ukifika penye habari ya motokari usome mara mbili, maana najua atakukatiza.

Baba, mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Kazi yangu ya ukarani kwenye ghala la pamba ipo bado, mshahara ndio haupo. Huu ni mwezi wa tatu. Asubuhi tunafungua madirisha, tunafuta meza, tunakaa. Nimefikiri sana kabla ya kukuandikia haya.

Mzungu mmoja mwenye duka la vitambaa hapa mjini anarudi kwao na anauza motokari yake. Ni ya Kimarekani, nyeusi, ndefu, viti vya ngozi, na inajibadilishia vitesi, yaani gia, yenyewe dereva akiwa amekaa tu. Zamani za Wabelgiji mtu wa rangi yetu akiegemea mlango wake angelala gerezani. Leo bei yake ng'ombe wanane wazuri wanaitosha. Nikiwa nayo nitabeba maharusi, wafanyabiashara na wakubwa wa serikali kati ya Uvira na Bukavu. Watu hao hawapandi lori juu ya magunia.

Ng'ombe wanane tunao. Ni wale waliokuja nyumbani dada alipoolewa na Modeste. Najua uliwaweka ili nami siku moja niwatoe mahari. Basi nitachelewa kuoa. Mchumba wangu Apolline amekubali kungoja.

Fundi aliyeitunza motokari hiyo miaka sita ni Onesphore wa Kiringye, kaka yake Louise aliyesoma na dada kule misheni. Si mtu wa maneno matamu. Mzungu anangoja jibu mpaka mwisho wa Machi. Naomba baraka yako.

Mwanao,
Twizerimana

*

Rurambo, 18 Februari 1964

Kwa mwanangu Twizerimana.

Nimesomewa barua yako. Motokari siijui, kwa hiyo nakujibu kama ninavyomjibu mtu anayekuja kuniuliza juu ya ng'ombe anayetaka kumnunua.

Kwa nini anaiuza? Sijaona mtu akiuza ng'ombe mwenye maziwa bila kuwa na shida, yake mwenyewe au ya ng'ombe. Unasema anarudi kwao. Wengine walirudi zamani, uhuru ulipofika. Yeye alingoja nini? Uliza pia imepita mikononi mwa watu wangapi kabla yake, na kama inakula hata siku isiyofanya kazi.

Halafu uniambie habari ya magonjwa yake. Ng'ombe akivimba tumbo tunajua majani ya kumpa, na tusipojua, jirani anajua. Motokari ikivimba kule mlimani Ngomo, njia ya Bukavu, jirani yako ni nani? Dawa yake inatoka wapi, na tutauza ng'ombe wangapi wengine ili tuinunue? Usinihesabie bei ya kununua peke yake. Nihesabie na bei ya kuiuguza miaka mitano.

Mpaka nisikie majibu hayo, ng'ombe hawashuki.

Ezechiel, kwa mkono wa Abigaïl

*

Rurambo, 18 Februari 1964

Kwa ndugu Onesphore, Kiringye.

Labda umenisahau. Mimi ni Abigaïl niliyekuwa nalala kitanda kimoja na mdogo wako Louise kule misheni. Barua hii nimempa mama Pudentienne anayeshuka sokoni na siagi. Ukiisha kuisoma naomba uichome.

Leo nimeandika barua mbili. Ya kwanza inakwenda kwa ndugu yangu Twizerimana kwa jina la baba, na maneno yote ni yangu. Baba alikubali. Nilipomaliza kumsomea ombi la mwanawe alicheka, akasema, "Mutoto iko na akili. Umuandikie ngombe zitashuka, ni za yake." Nikashika kalamu nikaandika maswali ambayo baba hakuyauliza. Sijawahi kumdanganya baba maishani mwangu.

Sikia sababu. Nimeondoka kwa Modeste tangu Desemba. Alinivunja mkono wa kulia kwa mchi wa kutwangia, kwa kuwa miaka mitatu imepita na sijazaa. Nakuandikia kwa mkono wa kushoto. Watu wake wamekuja mara mbili kwa baba, na neno lao ni moja: "Bibi arudi, ao ngombe zirudi." Kwa desturi yetu hakuna njia nyingine. Wale ng'ombe wanane ndio mlango wangu wa kutokea. Wakiwa motokari, nitarudishwa kwa Modeste, na sidhani nitaishi.

Twizerimana hajui lolote. Baba amekataza asiambiwe mpaka wazee wakae, na mimi mwenyewe nimeshindwa kumwambia. Akiichagua motokari hali anajua, nitakuwa nimempoteza ndugu. Akiichagua bila kujua, bado ninaye. Ndiyo maana nakuomba wewe. Mwambie motokari ni mbovu, mwambie itakufa baada ya mwezi. Wewe ni fundi, atakuamini.

Abigaïl

*

Kiringye, 1 Machi 1964

Dada Abigaïl,

Barua nimeichoma. Louise sikumwambia, ila alinikuta nimekaa mbele ya chakula kilichopoa akataka kujua nani amekufa.

Ulichoniomba siwezi. Ndugu yako alikuja Jumamosi, motokari ikiwa hapa kwangu. Nikaiwasha motere, injini yake, ikiwa baridi, nikamwacha aisikilize. Nikatandika gazeti chini yake, tukaenda kunywa chai, tukarudi kulitazama: matone matatu mekundu, chini ya sanduku la vitesi. Nikamwambia hivi. Motere ni nzima, nimeifungua kwa mikono yangu, haili mafuta wala haitoi moshi. Lakini sanduku hilo likifa, hakuna fundi kutoka hapa mpaka Usumbura anayeweza kulifungua, na mimi nimo. Litaagizwa ng'ambo, na bei yake ni nusu ya motokari yote. Laweza kufa kesho, laweza kuishi miaka kumi. Lakini kwa mtu anayepanda Ngomo kila juma, kumi asiihesabu. Tena kila kilomita mia inakunywa lita ishirini na tano za esanse. Akaniuliza, "Kama ni pesa yako, ungeinunua?" Nikasema, kwa harusi za mjini Uvira ndiyo, kwa Ngomo hapana. Alikuwa ameweka kiganja juu ya kiti akikipapasa. Nadhani alisikia ile ndiyo tu.

Watu wananiletea magari yao kwa sababu nikisema nzima, ni nzima. Nikisema uongo mmoja kwa sababu nzuri kama yako, kesho nitausema mwingine kwa sababu iliyo mbaya kidogo. Nisamehe. Nimekuhurumia sana, na naona aibu kwamba huruma yangu haikusaidii.

Nilimwuliza ng'ombe ni wa nani. Akajibu, "Ni za kwetu." Mwandikie mwenyewe, dada. Sitamwambia kabla yako, ila siku atakaponiuliza waziwazi sitamficha.

Onesphore

*

Uvira, 4 Machi 1964

Baba mpendwa,

Maswali yako nimeyasoma mpaka karatasi imechakaa. Nilimsomea Onesphore, akasema angependa wenye magari wote wawe na baba kama wewe.

Majibu ni haya. Imekuwa na mwenyewe mmoja tu tangu itoke melini. Anaiuza kwa hofu: watu wanasema vijana wa huku tambarare wanafundishwa vita milimani, na mkewe amekwisha kuvuka kwenda Usumbura. Haili siku isiyotembea. Ugonjwa wake ni sanduku la vitesi, na Onesphore hakunificha kwamba tiba yake ni ghali. Lakini nimefikiri: nikiitumia Uvira na tambarare peke yake, bila kupanda Ngomo, na nikiweka kando kidogo kila juma kwa ajili ya siku ile, itanilisha. Na bei imeshuka mpaka ng'ombe saba. Kila habari mbaya inayokuja inaipunguza.

Baba, najua ni kujitia hatarini. Lakini nina miaka ishirini na sita, na kazi yangu ni kufungua madirisha.

Dada, mwandiko wako umekuwa kama kuku amepita juu ya karatasi. Au maziwa ya kwa Modeste yamekunenepesha vidole? Mshukuru shemeji kwa kukuruhusu kuja mara kwa mara kumwandikia baba. Wanaume wengine wasingekubali.

Twizerimana

*

Rurambo, 15 Machi 1964

Twizerimana,

Nimesikia majibu yako. Kitu kinachovuja kikiwa kimesimama, kikitembea kitafanya nini? Unasema utaweka akiba. Mtu asiyelipwa mshahara anaweka akiba ya nini? Unasema hutapanda Ngomo. Siku mkubwa mmoja akikwambia "twende Bukavu," utamwambia shuka?

Ng'ombe wale si wa kuchezea. Walikuja kwa jasho la mtu mwingine, si lako. Nasema hapana, na usiniulize tena. Ukiinunua motokari hiyo, usiniite baba.

Ezechiel, kwa mkono wa Abigaïl

*

Kiringye, 2 Aprili 1964

Abigaïl,

Barua hii ni yako peke yako.

Nilipopata neno la baba nilikwenda kwa Mzungu nikamwambia basi. Kisha nikafunga mlango wangu nikalia kama mtoto, si kwa ajili ya motokari. Nimeishi miaka yote nikijua kwamba baba hawezi kunitamkia vile. Siku kumi nzima nilijiuliza nimemkosea wapi.

Jana nimeitwa Kiringye. Nimemkuta baba mdogo Twagirayezu amekaa nje kwa Onesphore, amechoka, miguu imejaa matope, na ng'ombe wanane wamefungwa nyuma ya nyumba. Nikamwuliza wamefuata nini, baba si amekataa? Akanitazama kama vile mimi ni mgonjwa wa homa. "Weye iko unasema nini? Muzee alisha sema ndiyo tangu siku ya kwanza. Anangoya tu mvua ipunguke. Anauliza juu ya nini haumushukuru."

Umekichukua kinywa cha baba ukakitumia kunitukana. Ni wivu? Ni shemeji amekutuma? Au uliona karani wa pamba hastahili kukaa kwenye kiti cha ngozi?

Mzungu sasa anataka watano tu. Anavuka Jumatano. Nimemwahidi jibu Jumanne, na sioni tena sababu ya kulingoja la kwako, ila nimezoea kukuuliza mambo tangu nikiwa mdogo. Onesphore ananitazama kama mtu mwenye jino linalouma.

Twizerimana

*

Rurambo, 4 Aprili 1964

Mdogo wangu,

Ni kweli yote. Baba hakukutukana, wala hakukunyima. Yeye alicheka kwa furaha. Lile neno la kutomwita baba ni langu, na tangu niliandike sijalala vizuri. Kwa hilo nakuomba msamaha hata kama hutanisamehe jingine.

Mwandiko uliouchekea ni wa mkono wa kushoto. Wa kulia Modeste aliuvunja Desemba. Sijaja kumtembelea baba, nimekimbia. Watu wa Modeste wanasema nirudi au ng'ombe warudi, na baba ananihimiza nivumilie. Siku utakapomlipa Mzungu, nitarudi.

Nilikuuliza maswali yale yote ya motokari kwa kuwa swali langu halisi niliogopa jibu lake. Sasa umeniuliza wewe, na Onesphore amekataa kunidanganyia, na ng'ombe wako hapo mkononi mwako. Sikulazimishi. Desturi inasema ng'ombe wa dada ndio wanaomwoza kaka. Ni wako kweli.

Mpe baba mdogo jibu lolote alilete. Hata kama ni lile ninaloliogopa, afadhali nilijue.

Dada yako,
Abigaïl

*

Kiringye, 27 Aprili 1964

Dada,

Nakuandikia nikiwa kwa Onesphore. Uvira siwezi kufika. Waasi, wale vijana wa milimani, wamefunga barabara na usiku tunasikia bunduki upande wa ziwa. Sijui barua hii itapanda kwa njia gani.

Nitakueleza yote, hata yasiyo mazuri. Barua yako ilinikuta ndani ya motokari. Mzungu alikuwa amenipa ufunguo nijaribu mara ya mwisho. Nikaisoma, nikabaki nimekaa. Na nilihesabu, dada. Nilihesabu: watano kwa Mzungu, watatu kwa Modeste, labda wangekubali watatu. Nilikaa na hesabu hiyo kwa muda mrefu kuliko ninavyotaka kukumbuka. Onesphore akaja akainama dirishani. Nikamwuliza kama alikuwa anajua. Akasema, "Najua tangu mwezi wa pili." Nikamwuliza mbona hakuniambia. "Ulikuwa unaniuliza motere tu."

Nikamrudishia Mzungu ufunguo. Kesho yake, kabla ya jua kuchoma, mimi na baba mdogo tukaanza kupanda na ng'ombe. Hatukupita Rurambo. Tuliizunguka kwa njia ya juu, nisionane na baba, tukaenda moja kwa moja kwa Modeste.

Mjomba wake aliwakagua ng'ombe kuliko Onesphore alivyoikagua motokari. Alishika kwato, alibana chuchu, alifungua midomo. Modeste alikaa mlangoni hakusimama. Walitaka na ndama waliozaliwa kwetu; nikavua saa yangu ya mkono nikampa mjomba, akaivaa palepale. Wakauliza nani amenituma, maana jambo kama hili ni la wazee. Nikasema, "Baba ndiye amenituma." Baba mdogo alitazama chini. Majirani wanne walishuhudia. Mjomba akasema mbele yao, "Sasa hatudaiani. Bibi si wetu tena."

Kwa hiyo nami nimekichukua kinywa cha baba. Siwezi tena kukulaumu. Apolline nimemwandikia kwamba sina ng'ombe wala motokari, achague mwenyewe, hajajibu. Ile motokari Mzungu aliiacha kwa Onesphore alipovuka, na juma lililopita waasi wameichukua. Tuliisikia ikienda, wanapiga honi. Onesphore alisimama akasikiliza mpaka ikapotea, akasema wataiua motere wakiilazimisha hivyo.

Msomee baba barua hii yote. Usiruke mstari, usipunguze. Kama atanilaani, niandikie maneno yake yalivyo. Nimekosa uso wa kuja mwenyewe.

Nisamehe kwa kukuchekea mwandiko.

Twizerimana

*

Rurambo, 20 Mei 1964

Mwanangu Twizerimana,

Barua yako ilikaa kwa mchungaji siku nyingi, akiogopa kumtuma mtu. Juzi Abigaïl amenisomea yote. Kisha akaniambia kutoka kichwani zile mbili alizokuandikia kwa jina langu. Nilikasirika, sitakuficha. Nilitoka nje nikakaa mpaka jua likazama, na jirani aliyekuja kunisalimia nilimjibu vibaya.

Ninyi wawili mmenisemea nisiyoyasema. Yeye amekunyima kwa jina langu, wewe umetoa kwa jina langu. Baba yangu angewafukuza. Lakini nimemwuliza Abigaïl kama yale maswali ya motokari yalikuwa mazuri, akasema Onesphore aliyasifu. Basi hayo nimeyachukua yawe yangu.

Hili la kutoa ng'ombe lilikuwa kazi yangu, nami nilimwachia binti yangu aibebe peke yake mpaka akawa mwongo. Siku aliyorudi nilimwuliza habari za ng'ombe wa Modeste kabla ya kumwuliza habari zake yeye. Anaandika haya na analia, nami nimemwambia asifute.

Tumesikia Uvira imeanguka. Watu wanapanda kutoka tambarare na magodoro kichwani, na kila kundi likipita dada yako anakimbia kuwatazama nyuso. Sijui uko hai. Nitampa barua hii yeyote anayeshuka, na wa pili nitampa nyingine kama hii, mpaka moja ifike.

Zizi limebaki na ng'ombe watatu, na njia ni mbaya. Njoo hivyohivyo, waite na Onesphore na Louise kama hawana pa kwenda. Nataka kuwaona ninyi wawili mmekaa mbele yangu. Haya nimeyasema mwenyewe.

Baba yako,
Ezechiel, kwa mkono wa Abigaïl